Vidole Vilivyonyooka

Picha ya ini la mama yake ilipowashwa ukutani, binti aliuliza swali moja tu: kitakachobaki baada ya kukata kitakuwa kiasi gani. Aliuliza kwa sauti ileile anayotumia kazini kuagiza glavu. Baba yake alikuwa ameshatoa leso. Mama yake, ambaye ndiye mwenye ini, alikuwa anataka kujua kama atapewa kitanda cha karibu na dirisha. Daktari mpasuaji akageuka, akamtazama binti kwa heshima mpya, akamjibu kwamba kitabaki chini ya nusu, upande wa kushoto ambao saratani haijaugusa, na kwamba ini lina bahati ambayo moyo na figo hazina: ukilikata, linaota tena.

"Najua," binti akasema.

Ukoo mzima ulimsifu. Mtoto jasiri, mtoto ana moyo wa chuma, laiti sote tungekuwa hivyo. Chuma gani, jamani? Mtu angemgonga kifuani angesikia mwangwi. Tangu siku ya ile picha alikuwa amekufa ganzi mwili na roho. Alikula bila kujua amekula nini. Alioga, akasahau kama ameoga, akaoga tena. Usiku alilala fofofo, na hilo lilimtia aibu kuliko yote, maana alitarajia angalau akose usingizi kama watu wengine wenye mama.

Hakuwa mgeni wa maini. Alikuwa mtafiti katika maabara ya ghorofa ya chini, chumba kisicho na madirisha, vizimba vya panya weupe vimepangwa hadi karibu na dari. Kazi yake ilikuwa kuwalaza panya kwa dawa, kuwakata sehemu kubwa ya ini, kuwashona, kisha kungoja aone linavyorudi. Mama yake alimbatiza Daktari wa Panya. Jina likashika mtaani, hata majirani wakawa wanamwita aje awatolee panya wa darini, na akikataa wananuna, wanasema elimu imempanda kichwani.

Huyo mama kila mtu alimwita Fundi. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa na cherehani, meza ya kukatia na kioo kirefu ambacho wateja walijitazama wakivuta matumbo ndani. Fundi mwenyewe hakuvuta tumbo lake kwa ajili ya mtu yeyote. Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva aliyestaafu, na mkewe hakuwahi kumwita kwa jina jingine ila Mwalimu. Nusu ya madereva wa mji ule walijifunza breki chini ya macho yake. Ni mtu wa kutazama kushoto na kulia kabla ya kuvuka sebule.

Miaka michache nyuma, vidole vya Fundi vilianza kuvimba kwenye viungo na kujikunja. Alishindwa kutunga uzi, halafu akashindwa kushika mkasi, halafu akashindwa kufunga vifungo vyake mwenyewe. Alikonda kwa uchungu, yeye aliyekuwa mnene kwa furaha. Ndipo ikapatikana sindano, ya kuchoma kila wiki. Ndani ya miezi michache vidole vikanyooka, kitambi kikarudi, na cherehani ikaanza kulia tena asubuhi. Kila Ijumaa Mwalimu alinawa mikono hadi kwenye viwiko, akalipangusa paja la mkewe kwa pamba, akachoma polepole, amekunja uso kana kwamba anachomwa yeye.

"Weka indiketa kwanza," Fundi humwambia, "nijue unaingilia upande gani."

Sasa mpasuaji akaagiza sindano isimame wiki kadhaa kabla ya kukata. Fundi hakupenda. Jumapili ile binti alipokuja nyumbani, mama yake alimkalisha kwenye kiti cha wateja, akamkabili.

"Wewe ndiye Daktari wa Panya. Niambie, mikono yangu imemkosea nini yule bwana?"

Binti alieleza. Alilieleza jambo hilo vizuri, maana ndilo jambo analolijua kuliko yote duniani. "Mama, kuna ujumbe unaopita kwenye damu. Askari wa mwili ndio wanaoutuma. Kwako wewe wanautuma ovyo, usiku na mchana, na viungo vyako vikiusikia vinawaka moto. Sindano inaziba masikio ya mwili, ujumbe usisikike. Ndiyo maana vidole vimetulia. Tatizo ni kwamba ini likikatwa, ujumbe huohuo ndio unaoliamsha. Ndio unaoliambia: anza kukua. Na ndio unaosaidia kuyatoa mafuta tumboni, yaingie kwenye damu, yaende kwenye ini. Seli zinapojenga zinakula, na chakula chao cha siku za mwanzo ni hayo mafuta. Ukilipima ini siku zile utakuta limejaa mafuta tele, na ni heri, ndiyo akiba yake ya kazi."

"Na ujumbe usiposikika?"

"Panya niliowazibia, ini lao linakaa tu. Kama halijaambiwa."

"Na panya wenyewe?"

"Wengine wanachelewa kupona. Wengine wanakufa."

Fundi akajipiga tumbo kwa viganja vyote viwili. "Kwa hiyo hiki kitambi mlichokicheka miaka yote ni ghala! Mwalimu, umesikia? Kuanzia leo mtu asiniambie nipunguze sukari."

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. Hakucheka. "Hiyo dawa," akauliza, "inakaa mwilini muda gani?"

"Inatoka polepole, baba."

Akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Binti naye akaamini kwamba baba ameelewa. Wakanywa chai.

Vidole vya Fundi havikukawia. Jumapili iliyofuata vilikuwa vimenona kwenye viungo, na ile ya baada yake vilikuwa vimejikunja kama alivyovikumbuka binti, ngumi mbili nyekundu zimelala mapajani. Mwalimu alimfunga mkewe vifungo, akamchana nywele vibaya, akamlisha. Fundi alijikaza kisabuni, akatukana kidogo, akatania kidogo. Binti aliketi mbele yao akitazama. Alijua anapaswa kusikia kitu. Aliziangalia zile ngumi akafikiri: vizuri, dawa inatoka.

Jumapili ya mwisho kabla ya upasuaji hakwenda. Alisema ana kazi. Kweli alikuwa na kazi, lakini ingengoja. Ukweli ni kwamba alikuwa amechoka kukaa pale bila kusikia kitu huku watu wanamtazama usoni wakikitafuta.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Mpasuaji alitoka akiwa na alama ya barakoa mashavuni, akasema saratani yote imetoka, damu haikupotea nyingi, kilichobaki ni kidogo lakini kizuri. Mwalimu akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akashindwa kuuachia. Binti akasema asante.

Siku mbili tatu za mwanzo Fundi alikuwa gumzo la wodi. Hakupata homa. Hakulalamika. Muuguzi mwenye miwani, ambaye sura yake ilikuwa ya mtu asiyesifu hovyo, alimsifu mbele ya wagonjwa wengine. "Mwangalieni huyu mama! Amekatwa ini, na kile kipimo cha damu kinachopanda mwili unapopambana, chake kiko chini kuliko changu mimi nisiyeumwa. Damu safi kabisa."

Binti aliingia wakati sifa hizo zinaendelea. Mama yake alikuwa ameegemea mito, mrija puani, mumewe ameinama juu yake. Fundi alikuwa ameona uzi umetokeza kwenye kola ya mumewe. Akaukamata kwa kidole gumba na cha shahada, akaupindua mara moja, akaukata. Ilikuwa kazi ya sekunde moja, safi, kama alivyoifanya maelfu ya mara mbele ya kioo kirefu.

Binti akasimama hapohapo mlangoni, mkoba begani.

Vidole vilikuwa vimenyooka. Vyote. Vilikuwa vyembamba, vyeupe kwenye kucha, na havikuwa na kiungo hata kimoja kilichovimba. Mtu aliyeacha sindano wiki zote zile, kisha akapasuliwa tumbo, alipaswa kuwa na ngumi mbili na kilio. Mtu huyo alipaswa kuwa na homa. Damu yake ilipaswa kuchafuka. Binti aliwahi kuona panya wasafi namna hii. Wale aliowazibia ujumbe, siku ya kwanza baada ya kukatwa ndio waliokuwa watulivu kuliko wote, manyoya yamelala, hakuna aliyejikunyata pembeni. Mwanafunzi mmoja mgeni aliwahi kumwambia hao ndio watakaopona haraka, na binti akamwonyesha kizimba kile siku zilipopita, kikiwa kimebaki nusu tupu.

Kisha akaliona shati.

Bega la kulia la Mwalimu lilikuwa limeshuka kuliko la kushoto, kwa miaka ya kukaa upande wa abiria akivuta breki ya mkono kuwaokoa wanafunzi. Hakuna shati la dukani lililowahi kumkaa. Fundi peke yake ndiye aliyejua kulikata bega lile. Na shati hili lilikuwa limemkaa sawasawa, kitambaa kipya, bado kina mng'ao wa pasi ya kwanza.

"Baba," binti akasema, "njoo nje kidogo."

Walisimama ukumbini, karibu na toroli la shuka chafu. Wauguzi walipita, mtu alikuwa anapiga deki.

"Shati hili limeshonwa lini?"

Mwalimu akalitazama shati lake kana kwamba limempanda mwilini lenyewe. "Mama yako alikuwa na kitambaa."

"Lini, baba?"

"Kabla hajaja huku."

"Kwa mikono ipi?"

Mzee yule alikuwa hajui kusema uongo. Alijaribu, mdomo ukafunguka, akapata kigugumizi. Kisha akasema yote kwa mkupuo, kama mtu anayetapika.

"Alilia. Wewe hukuwepo. Alisema akifia mezani nitazikwa na mashati yaliyopinda. Nikamwambia nife mimi kwanza. Akasema nataka kukushonea, Mwalimu, sina kingine cha kukuachia. Siku nzima analia, hawezi hata kujifuta machozi, namfuta mimi. Sasa ningefanyaje? Nikapiga hesabu. Mimi si mjinga, nilikusikia ulivyosema. Lakini sindano ni ya wiki. Ukichoma Ijumaa, ikifika Alhamisi vidole vinaanza kukaza, siyo? Miaka yote iko hivyo. Alhamisi dawa imekwisha. Nikamchoma moja, Ijumaa, maana kati ya siku hiyo na siku ya kukatwa kulikuwa na wiki nzima na zaidi. Nikaacha na nafasi ya usalama." Akasita. "Huwa naacha nafasi ya usalama."

Binti alimsikiliza. Alikuwa anatazama kigae cha ukutani chenye ufa uliopita katikati, akaufuata kwa macho hadi chini.

"Alhamisi dawa inakuwa haijaisha, baba," akasema. "Alhamisi imepungua tu, kiasi cha vidole kuanza kuusikia ujumbe. Bado nyingi inakuwa ndani."

"Nyingi kiasi gani?"

"Ya kutosha."

Mwalimu akaegemea ukuta. Akateleza na mgongo hadi akachuchumaa kando ya toroli, mzee wa watu, na shati lake zuri. "Nimemuua," akasema.

Mtoto mwingine angechuchumaa naye. Angemkumbatia, au angempigia kelele, na vyote viwili vingekuwa vya kibinadamu. Huyu alisema, "Bado hatujui, inuka baba, watu wanapita," akaenda kumtafuta mpasuaji.

Mpasuaji alisikiliza akiwa amesimama, kalamu ikigonga kiganja. Uso wake ulibadilika mara mbili, kwanza hasira, halafu hesabu. "Hao ni panya wako," akasema. "Kwa binadamu sindano moja inaweza isiwe kitu."

"Inaweza."

"Na unataka nifanye nini? Siwezi kuivuta dawa itoke."

"Mpige picha. Na msiitegemee homa. Akiwa na maambukizi hataonyesha."

Hilo la maambukizi lilimkaa mpasuaji kichwani. Aliagiza picha siku hiyohiyo. Walipoitundika, hakuhitaji kuielekezea kalamu. Kipande kilikuwa kilekile, kama kilivyoachwa mezani, na wakati kama huu kilipaswa kuwa kimeshaongezeka vizuri. Chakula kipite kwa mrija, akasema, damu ipimwe kila siku, na tungoje dawa iishe. Alisema "tungoje" akimtazama binti moja kwa moja, na safari hii heshima ilikuwa imepungua na huruma imeingia.

Kwa hiyo wakangoja, baba na binti, kila mmoja upande wake wa kitanda. Binti alimweleza baba yake jambo moja tu: dawa ikiisha nguvu, vidole vitauma. Vikiuma, maana yake ujumbe unasikika, na kama unasikika vidoleni, basi unasikika na kwenye ini. Basi ikawa ndiyo kazi yao. Watu wengine hospitalini walikuwa wanaomba ndugu zao wasiumie. Wao wawili walikuwa wanaomba Fundi aumie, tena haraka, maana macho yake yalikuwa yameanza kuwa ya manjano na miguu inajaa maji.

Asubuhi Mwalimu akifika, kabla hata ya salamu, aliichukua mikono ya mkewe na kuvibonyeza vidole kimoja kimoja kwenye viungo.

"Inauma?"

"Haiumi."

"Hata hapa?"

"Mbona mnanibonyezabonyeza kama mnanunua nyanya? Mikono yangu mizima. Ni hapa tumboni pamelala."

Shangazi alikuja kumwona, dada yake Mwalimu, mwenye sauti ya kuamsha wodi mbili. Alivishika vidole vya wifi yake akavibusu. "Angalieni mikono! Mungu amechukua ini akarudisha mikono!" Mwalimu akatoka nje. Shangazi akauliza kaka yake amekuwaje. Binti akasema amechoka. Alimtazama shangazi akawaza kwamba siku nyingine angetamani kumsukuma dirishani, lakini hata tamaa hiyo haikumjia, aliiwaza tu kwamba ingefaa iwepo.

Manjano yakazidi. Fundi akaanza kulala mchana, akiamka anamwita binti kwa jina la bibi yake. Siku moja aliuliza mbona wateja wamejaa chumbani, na kwa nini wote wamevaa nguo za kufanana. Mpasuaji alipita asubuhi na jioni, na maneno yake yakawa yanapungua. Kipimo cha damu kikabaki chini, kisafi, na muuguzi mwenye miwani hakukisifu tena. Ilikuwa mbio, kila mmoja aliiona: ama dawa itoke kwanza, ama Fundi aondoke kwanza. Na hapakuwa na cha kufanya ila kukaa.

Alasiri moja Mwalimu alikuwa amesinzia kwenye kiti, kichwa kimelalia bega lake lililoshuka. Fundi akafungua macho, akamtazama binti yake, akamtambua.

"Ni ile sindano, eh?"

"Huenda."

"Usiniambie huenda, mimi si panya."

"Ndiyo, mama. Nadhani ni hiyo."

Fundi akakubali kwa kope. "Mimi ndiye niliyemwomba. Nilimwomba vibaya, nilimlilia kusudi. Najua anaposhindwa." Akavuta pumzi. "Usimlaumu."

"Simlaumu."

"Wala usijitie kumsamehe mbele yake. Ataanza kulia, atachafua shati."

Binti akatamani kucheka, akashindwa kujua kicheko kinaanzia wapi.

"Na wewe," mama akasema, "mbona una uso kama wa karani? Huoni uchungu?"

"Sijui, mama. Tangu ile siku ya picha sisikii kitu. Nakaa hapa najua wewe ni mama yangu, najua unakwenda, na sisikii kitu. Naona haya."

Fundi akamtazama kwa muda mrefu, kwa macho yake ya manjano. Akaunyanyua mkono mzuri ule, wenye vidole vilivyonyooka, akauangalia mbele na nyuma kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Hata mimi," akasema, "sisikii kitu." Akalala tena.

Kesho yake binti alikwenda maabara kwa sababu panya hawajui kwamba mtu ana mgonjwa. Aliwapa chakula, akasafisha, akatazama vizimba, akarudi hospitali katikati ya asubuhi akiwa bado ananuka maranda ya vizimbani. Kabla hajafika mlangoni alisikia sauti. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa ni kunung'unika kwa mtu anayeuma meno.

Muuguzi mwenye miwani alikuwa anatoka, uso umemshuka. "Pole. Mama hakulala vizuri. Na kile kipimo kimepanda, kimeruka kabisa. Nimeshampigia daktari."

"Kimepanda?"

"Kimepanda, dada. Pole sana."

Binti akampita mbio.

Mama yake alikuwa amegeuka ubavu, magoti yamekunjwa, paji la uso lina jasho. Mkono wa kulia ulikuwa umefungika, viungo vinne vimevimba na kuwa vyekundu kama vimepigwa nyundo, na wa kushoto ulikuwa unaufuata. Mwalimu alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda. Alikuwa ameishika ile ngumi katika viganja vyake bila kuibana.

"Vidole," Fundi akasema. Macho yalikuwa bado ya manjano, lakini yeye mwenyewe alikuwemo ndani yake, mzima, amekasirika. "Mwalimu, vidole vyangu vinakufa. Fanya kitu."

Mwalimu akamtazama binti yake. Binti akaitikia kwa kichwa.

Wiki iliyofuata picha ingeonyesha kipande cha ini kimevimba kwa mafuta na kuanza kusogea kulia, kujaza nafasi iliyoachwa. Mpasuaji angeigonga kwa kalamu yake, asiseme kitu kuhusu panya. Lakini asubuhi hiyo hakuna aliyelijua hilo kwa hakika. Walichokuwa nacho ni mwanamke anayelia.

"Iko nyingine kwenye friji," Fundi akasema. "Najua iko. Nenda kailete. Moja tu, Mwalimu. Kama siku ile."

Mwalimu hakuwahi kumnyima mke wake kitu katika maisha yao yote. Fundi akimwomba maji, anamletea na chai. Alimwomba dirisha lifunguliwe, analifungua, alimwomba lifungwe, analifunga, bila hata kutazama kushoto na kulia. Sasa Mwalimu alizibana kope zake kwa nguvu, akazifungua.

"Hapana, Fundi."

"Nusu, basi. Nusu tu. Huoni ninavyoumia?"

"Naona."

"Huna roho wewe? Miaka yote hii, leo ndiyo unanionyesha? Mwanangu, mwambie! Mwambie baba yako!"

Binti alikuwa ameketi sakafuni. Hakukumbuka kuketi. Uchungu ulikuwa umemrudia wote kwa wakati mmoja, ule wa siku ya picha na wa kila Jumapili na wa ule ukumbi wenye kigae kilichopasuka, ukamshika tumboni na kooni na nyuma ya macho, ukamuuma kweli, na alilia kwa sauti mbele ya wagonjwa wa watu bila kuona haya hata kidogo.

Fundi naye alilia, akimtukana mumewe kwa matusi ambayo wateja wake hawakuwahi kuyasikia. Katikati yao Mwalimu alibaki amepiga magoti na ile ngumi viganjani, macho makavu, akisema hapana kila alipoombwa.